Nimeambiwa pingili zimesagika: je, nipasuliwe mgongo?

"Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 44, naishi Mwandiga, Kigoma, kazi yangu ni kukamua na kuuza mawese. Wiki saba zilizopita niliinama kunyanyua dumu la lita 20 nikasikia kitu kama kimekatika kiunoni. Nililala siku tatu hata kugeuka siwezi. Sasa kiuno kimepoa, ila mguu wa kushoto unawaka kuanzia kalioni, unapita nje ya paja na nje ya muundi mpaka kidole gumba, na juu ya mguu pana ganzi. Nikikohoa ndiyo kabisa. Haja ndogo na kubwa napata vizuri. Nilipiga eksirei nikaambiwa pingili ya nne na ya tano zimesagika na diski imetoka, nisiiname wala kubeba kitu maisha yangu yote, na nilale chini. Nimechomwa sindano za diklofenaki, nimenunua mkanda, mama mmoja amenikanda na kunikanyaga mgongo. Kuna waliopita na mashine ya kushika mkononi wakasema ni figo zimechoka, nikauza mbuzi wawili kununua dawa zao. Dada yangu aliye Dar anasema niende nikapasuliwe. Ukweni wanasema ukipasuliwa mgongo unapooza. Nifanye nini? Na kazi ya mawese ndiyo basi?"

Marahaba mama, na pole sana. Mguu kuwaka wiki saba huku kazi imesimama si jambo dogo, na mbuzi wawili wameondoka juu yake. Umenieleza vizuri kuliko wengi wanaoketi mbele yangu, na ndiyo maana naweza kukujibu kwa urefu. Naona maswali yako ni matatu: je, mgongo umeharibika moja kwa moja, je, upasuaji ni wokovu au ni hatari, na je, utarudi kwenye mawese. Nianze na hilo la kwanza, kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi.

Neno "kusagika" nalisikia kila wiki na kila mara linaniuma. Mtu akiambiwa mfupa umesagika, anauona unga wa mashineni. Anaanza kutembea kama aliyebeba mayai, anaogopa kuinama hata kufunga kiatu, misuli inalegea, na mgongo unazidi kuuma kwa sababu ya woga wenyewe. Hakuna unga mgongoni mwako. Pia ujue kwamba eksirei huonyesha mifupa tu, diski haionekani humo. Kilichoonekana ni nafasi kati ya pingili mbili imepungua, na mtu akakisia yaliyobaki. Huenda amekisia sawa, lakini picha ile peke yake haiwezi kusema "diski imetoka".

Kiunoni una pingili tano. Kati ya pingili na pingili kuna diski, na diski imeundwa hivi: nje ni tabaka nyingi za nyuzi ngumu zilizokaa kwa mishazari, tabaka hili likielekea huku na linalofuata likielekea kule, kama ukili wa mkeka. Katikati kuna ute mzito, mfano wa uji wa muhogo uliopoa. Ute huo unashika maji. Usiku ukilala unanyonya maji na diski inajaa, ndiyo maana binadamu huamka asubuhi akiwa mrefu kwa sentimita moja au zaidi kuliko alivyokuwa jioni. Kadiri miaka inavyokwenda ute unapungukiwa maji, diski inakuwa nyembamba, na nafasi kwenye eksirei inapungua. Mwaka 2015 watafiti walikusanya vipimo vya picha vya watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Kwa wenye miaka 40, watu 68 katika kila 100 walikuwa na diski zilizochakaa, na 50 walikuwa na diski iliyovimba kutoka mahali pake. Hawa ni watu wazima wa afya, wanalima, wanabeba watoto, hawana habari. Kwa hiyo nafasi iliyopungua kwa mama wa miaka 44 anayefanya kazi ya nguvu ni jambo la kutarajiwa. Si hukumu.

Basi kwa nini mguu unawaka?

Siku ile ulipoinama, tabaka za nje za diski zilipasuka kidogo upande wa nyuma na ute ukachomoza. Diski yenyewe haikuteleza kama sabuni. Imegandana na pingili juu na chini, haiwezi kuhama, na kwa sababu hiyo hakuna mtu anayeweza kuirudisha kwa kuisukuma au kukukanyaga. Kilichotoka ni kiasi kidogo cha ute, lakini kimetokea mahali pabaya, pembeni mwa mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Ute huo unaubana mshipa, na zaidi ya kuubana unauchokoza kikemikali mpaka unavimba. Ukikohoa, shinikizo linapanda ndani ya mgongo na mshipa uliovimba unapiga kelele. Ndiyo maana kikohozi kinakurusha.

Mguu wako umenieleza mengi kuliko eksirei. Kila mshipa una eneo lake. Wa nne wa kiunoni unapita mbele ya paja na kushuka ndani ya muundi. Wa tano unapita nje ya paja, nje ya muundi, juu ya mguu, unaishia kidole gumba. Unaofuata chini yake unapita nyuma kwenye kigimbi, kisigino, hadi kidole kidogo. Wewe umeuchora mshipa wa tano kwa maneno yako mwenyewe, na diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano ndiyo huubana huo. Basi aliyekuambia diski huenda hakukosea, ila alikosea kukwambia maisha yako yamekwisha.

Figo haziingii hapa. Maumivu ya figo hukaa ubavuni chini ya mbavu, mara nyingi yanakuja na homa, kutetemeka au mkojo unaochoma, na hayajali umeinama au umenyooka. Hayashuki mpaka kidole gumba. Figo hupimwa kwa mkojo na kwa damu, kipimo cha kreatinini, na kituo cha afya kizuri kinakifanya. Kifaa cha kushika mkononi hakioni figo wala pingili. Hizo dawa walizokuuzia ziache, na ukienda hospitali zibebe uwaonyeshe.

Sasa naomba ufanye jambo moja kabla hujaendelea kusoma, kama una mtu karibu akushike mkono. Vua ndala. Tembea hatua kumi kwa visigino, vidole vikiwa juu. Halafu hatua kumi kwa ncha za vidole. Kisha kaa, nyanyua kidole gumba cha kushoto kuelekea kwako, mwenzako akikisukuma chini kwa kidole chake, mrudie na kulia mlinganishe. Kama kushoto kuna nguvu sawa na kulia, au karibu sawa, mshipa umechokozwa lakini unafanya kazi, na tuna muda. Kama kidole kinaanguka kirahisi, au umegundua siku hizi ndala ya kushoto inakuvuka njiani bila wewe kujua, au mguu unapiga chini "pwa, pwa" ukitembea, hapo usisubiri. Nenda hospitali ya mkoa Maweni siku hizi mbili tatu, useme hivyohivyo: mguu unaanguka.

Na kuna hali moja ambayo ni dharura ya leo, hata ikiwa saa nane usiku. Ukipata ganzi sehemu zinazogusa tandiko la baiskeli, yaani kati ya mapaja na kuzunguka njia ya haja. Mkojo ukagoma au ukatoka wenyewe. Au miguu yote miwili ikalegea. Hiyo maana yake ni kwamba ute umebana fungu zima la mishipa, ikiwemo ya kibofu. Hapo saa zinahesabika, na hapo ndipo upasuaji unapotakiwa haraka ili mtu asibaki na ulemavu. Umesema haja zako ziko sawa, na nimefurahi kwamba ulikumbuka kulisema bila kuulizwa.

Kama huna hayo, habari njema ni hii: mwili unaula ule ute. Ukishatoka nje ya diski, mwili unauona kama kitu kigeni, unatuma chembe za kuutafuna, na unasinyaa. Tena vipande vikubwa vilivyotoka kabisa ndivyo husinyaa zaidi. Wagonjwa wengi wenye mguu kama wako hupata nafuu ya kweli kati ya wiki ya 6 na ya 12. Wewe uko wiki ya saba, na kiuno tayari kimepoa. Uko katikati ya njia.

Kuhusu upasuaji nitakupa ukweli wote, maana dada yako na wakwe zako kila mmoja ameshika upande mmoja. Kuanzia mwaka 1934, wakati madaktari wawili wa Boston, Mixter na Barr, walipoeleza kwamba diski iliyopasuka ndiyo inayobana mshipa na kwamba inaweza kuondolewa, upasuaji huu umefanyika mara nyingi sana duniani. Haung'oi diski yote. Daktari anafungua dirisha dogo, anatoa kipande kilichochomoza, anafunga. Wengi husimama na kutembea kesho yake. Hofu ya kupooza ina mzizi wake, kwa sababu watu wanajua kamba kuu ya fahamu imo ndani ya mgongo. Lakini kwa mtu mzima kamba hiyo inakoma karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Tatizo lako liko chini ya hapo, kwenye mishipa iliyotawanyika kama mkia wa farasi. Hatari za upasuaji zipo: maambukizi, mshipa kuguswa, na diski ileile kuchomoza tena siku za mbele. Kupooza miguu yote kwa upasuaji wa mahali hapo ni nadra sana. Na ninaamini wengi wanaotajwa mtaani kwamba "walipasuliwa wakapooza" walifika kwa mpasuaji miguu ikiwa tayari imelegea.

Je, upasuaji ni bora kuliko kusubiri? Mwaka 2007 Waholanzi walitoa majibu ya utafiti wa watu 283 wenye maumivu kama yako, ya wiki 6 hadi 12. Nusu walipangiwa upasuaji mapema, nusu wakatibiwa bila kisu na kusubiri. Waliopasuliwa walipata nafuu ya mguu haraka zaidi. Lakini baada ya mwaka mmoja pande zote mbili zilikuwa sawa, karibu watu 95 kati ya 100 wamepona. Nisikufiche pia kwamba katika walioambiwa wasubiri, 39 kati ya 100 hatimaye walipasuliwa, wengi kwa sababu maumivu yaliwashinda. Kwa hiyo upasuaji unakununulia muda, haubadilishi sana mwisho wa safari. Mtu ambaye haumwi kiasi cha kushindwa kulala, na mguu wake una nguvu, sioni haja ya kumpandisha treni ya kilomita 1,250 kwenda Dar kutafuta kisu. Ukifika wiki ya 12 na mguu bado unawaka vilevile, hapo omba rufaa ya kupigwa picha ya MRI, ambayo huonyesha diski na mishipa yenyewe, na kuonana na mpasuaji, ama hospitali ya Bugando kule Mwanza ama taasisi ya mifupa ya MOI kule Muhimbili, Dar. Picha hiyo ina maana pale tu ambapo uko tayari kupasuliwa, au pale tunapohofia ugonjwa mwingine. Kuipiga kwa udadisi ni kujitafutia neno jingine la kukutisha.

Dawa. Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza uvimbe wa mshipa kwa kiasi, kwa siku chache. Zikipita wiki mbili bila usimamizi zinachoma tumbo, zinapandisha presha, na hizo ndizo zinazoweza kuumiza figo kweli. Kama una vidonda vya tumbo au presha, mwambie daktari kabla hujameza. Sindano kwenye kalio haina nguvu ya ziada kuliko kidonge, na ikichomwa vibaya inaweza kuugusa mshipa uleule tunaoutibu. Pregabalini inaandikwa sana siku hizi kwa mguu unaowaka, lakini utafiti wa Australia wa 2017 kwa watu 209 haukuona ikishinda kidonge kisicho na dawa, na kizunguzungu chake ni cha kweli. Kuna pia sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, inayochomwa karibu na mshipa mgongoni. Kwa baadhi inatuliza kwa wiki kadhaa, na ni lazima ichomwe na aliyesomea.

Mkanda unaweza kuuvaa ukiwa na safari ya barabara mbovu, saa moja mbili, kisha uvue. Kulala chini kwenye sakafu acha. Hispania walilinganisha magodoro kwa watu 313 wenye mgongo wa muda mrefu mwaka 2003, na waliolalia la ugumu wa kati walipata nafuu kuliko waliolalia gumu. Lala kwa ubavu, mto kati ya magoti. Kukandwa polepole na mawese ya uvuguvugu si vibaya, joto linalegeza misuli. Kukanyagwa, hapana, usirudie. Na kama kuna atakayependekeza kuchanjwa au kupigwa chuku, kumbuka wembe huo umepita wapi.

Kinachobaki ndicho dawa yenyewe: kusogea. Lala kifudifudi kwenye mkeka dakika tano. Kisha jiinue kwa viwiko, kama msomaji anayesoma akiwa amelala. Ukizoea, siku zinazofuata, nyoosha mikono taratibu huku nyonga zikibaki chini, mara kumi, kila baada ya saa tatu hivi. Sikiliza mguu wakati unafanya. Maumivu yakihama kutoka kidole gumba yakapanda kwenye muundi, kisha paja, kisha kalio, endelea, hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi kidogo. Maumivu yanayorudi nyumbani mgongoni ni mshipa unaoachiliwa. Yakishuka zaidi kuelekea vidole, acha zoezi hilo, na umwone mtaalamu wa fiziotherapia akutafutie upande unaokufaa. Katikati ya hayo tembea dakika kumi kumi, mara nne au tano kwa siku.

Kazi ya mawese si basi. Dumu la lita 20 la mawese ni kilo 18 hivi, na mgongo uliopona unalibeba. Nimewaona wapakuzi wa Kibirizi wakirudi kwenye magunia ya dagaa baada ya diski mbaya kuliko yako. Ila kwa miezi mitatu ijayo tumia madumu ya lita 10, moja kila mkono. Usijitwike mwenyewe. Kile kitendo cha kunyanyua kutoka chini huku unajigeuza kupeleka kichwani ndicho kinachopasua diski. Ita mtu akutwike na akutue. Na usianze kunyanyua alfajiri mara tu unapotoka kitandani, kwa sababu saa ile diski imejaa maji na imekaza. Washa moto kwanza, fagia, tembea, mpaka saa moja ipite.

Nimekaa sana kwenye diski kwa sababu ndiyo yako, lakini watasoma wengine wenye mgongo wa aina nyingine. Mzee anayeweza kusukuma baiskeli kutoka Ujiji hadi mjini akiwa ameinamia usukani, lakini akitembea wima miguu inakuwa mizito baada ya hatua mia na inapoa akikaa, huyo mfereji wa mishipa umembana. Mazoezi ya kuinama yanamsaidia, na upasuaji wa kupanua mfereji ukihitajika una faida. Bibi aliyepata maumivu makali ghafla baada ya kuketi kwa kishindo huenda pingili imebonyea kwa mifupa kuwa dhaifu.

Wa tatu ndiye ninayemhofia zaidi. Miaka kadhaa nyuma aliletwa kwangu kijana mvuvi aliyekandwa na kupewa sindano za mgongo miezi mitano mahali pengine. Shati lilikuwa linamning'inia. Nikapitisha vidole viwili katikati ya mgongo wake, pingili moja baada ya nyingine, na chini kidogo ya mabega vikagonga nundu ndogo, ngumu, ya mfupa. Nilipoigonga kidogo akaruka. Nikamuuliza kuhusu usiku, akasema analowa jasho mpaka shuka. Ilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa ambao Percivall Pott wa London aliueleza tangu 1779. Kifua kikuu hakikai kifuani tu, na wengi wa hawa hata hawakohoi. Kinakula pingili mpaka inaanguka mbele, kibiongo kinatokea, na hapo ndipo watu wanapooza kweli. Dawa zake ni za miezi mingi na hutolewa bure. Yule kijana aliingia kliniki yangu akishikiliwa na kaka zake wawili, na kabla dozi haijaisha alikuwa anakuja peke yake. Kwa hiyo mgongo unaouma usiku ukiwa umetulia, pamoja na homa za jioni, jasho au kukonda, ukapimwe kifua kikuu kabla ya kukandwa. Wanaokunywa maziwa yasiyochemshwa wapimwe pia brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Na mtu aliyewahi kutibiwa saratani ya titi, ya shingo ya kizazi au ya tezi dume, asiyazoee maumivu mapya ya mgongo, akapimwe.

Wewe hujataja lolote kati ya hayo. Nenda Maweni wiki hii, si kwa dharura, ila mtu akupime nguvu za mguu kwa mikono yake na mtaalamu wa fiziotherapia aangalie unavyofanya lile zoezi la kifudifudi. Kisha niandikie baada ya wiki tatu, uniambie kidole gumba kinanyanyuka vipi, na maumivu yamepanda yamefika wapi.